Chumba chenye roshani ni cha nani?

Leo naomba nianze na ungamo. Mwaka juzi mimi na ndugu zangu tulibakiza kidogo tu tumlaze mama yetu mzazi katika chumba kisicho na dirisha, ili sisi wanaume wawili tulale kwenye chumba chenye roshani. Na tulikuwa na hesabu zote za kuonyesha kwamba hakuna ubaya.

Mama ana miaka 76. Alifundisha shule ya msingi mkoani Kagera zaidi ya miaka 30, na Jumapili alifundisha watoto kanisani. Kwa miaka yote hiyo alichora kwa chaki ramani ya safari za Mtume Paulo: Efeso hapa, Korintho pale, na Patmo, kisiwa alichokaa Yohana, akikiweka kama nukta katikati ya bahari. Dada yetu mdogo, ambaye ni muuguzi Ujerumani, ndiye aliyetoa wazo kwamba kabla magoti ya Mama hayajagoma kabisa, tumpeleke akaione ramani yake. Tukapata meli ya kitalii inayoondoka Piraeus, bandari ya Athens, ikipita visiwa vya Ugiriki hadi Kuşadası nchini Uturuki, kilomita kama 20 kutoka magofu ya Efeso.

Tulikuwa wanne: Mama, dada, kaka na mimi. Vyumba viwili, watu wawili wawili. Hapo ndipo maneno yalipoanza katika kundi letu la WhatsApp.

Hesabu ya kaka

Kwa ambaye hajawahi kukata tiketi ya namna hii, meli hizi huwa na vyumba vya aina nne hivi. Cha bei ya chini ni cha ndani, kisicho na dirisha. Kinachofuata kina dirisha la kioo ambalo kwa kawaida halifunguki. Cha tatu kina roshani: unafungua mlango wa kioo, unakuta viti viwili, meza ndogo, ukingo, kisha bahari. Juu ya hapo kuna vyumba vikubwa vya wenye nacho. Bei hutajwa kwa mtu mmoja, ikihesabiwa kwamba chumbani mko wawili, kwa hiyo tofauti unayoiona lazima uizidishe mara mbili. Kwetu roshani iliongeza Euro 340 kwa kila mtu, yaani Euro 680 kwa chumba, karibu Sh2 milioni.

Kaka ni mhasibu, na ndiye aliyekuwa akilipa sehemu kubwa. Alisema tunamudu chumba kimoja chenye roshani na kimoja cha ndani. “Mama na dada wachukue cha ndani,” akaandika. “Mama saa mbili usiku kashalala. Kwake chumba ni kitanda tu. Sisi tutakaa nje, tutapiga picha.” Nikaweka kidole gumba. Dada hakujibu.

Nikiri kwamba kaka hakuwa akiongea ovyo. Meli ya safari kama ile hutia nanga mahali papya karibu kila siku. Asubuhi mnashuka, jioni mnarudi, na usiku meli inasafiri. Ukikaa kwenye roshani saa nne usiku unatazama giza ulilolilipia. Sitaha ya juu iko wazi kwa abiria wote, aliyelipa kidogo na aliyelipa kingi. Ingekuwa safari ya Norway au Alaska, ambako meli hupita mchana kutwa katikati ya milima na barafu, roshani ingekuwa na kazi zaidi. Hata anayeogopa kichefuchefu cha bahari, jambo la kwanza la kutafuta ni chumba kilicho katikati ya meli na sitaha ya chini, kwa kuwa hapo meli hutikisika kidogo.

Halafu kuna gharama ambazo tangazo la meli haliziweki mbele: bakshishi ya wahudumu inayotozwa kwa kila siku, bima, ziara za nchi kavu, na viza. Mtanzania anayetoka Ugiriki kwenda Uturuki kisha akarudi Ugiriki anahitaji viza ya Ulaya inayomruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na aulizie mapema masharti ya viza ya Uturuki. Yesu mwenyewe, katika Luka 14:28, anatuuliza ni nani atakayejenga mnara bila kwanza kukaa chini na kupiga gharama. Kupiga hesabu si kukosa imani.

Wala Biblia haidharau chumba cha ndani. Yona alilipa nauli yake, akateremka pande za ndani za merikebu, akalala usingizi mzito (Yona 1:3-5). Shida yake haikuwa kitanda. Na Bwana wetu alilala kwenye tezi la chombo, kichwa juu ya mto, dhoruba ikiwa imechachamaa (Marko 4:38). Mtu hawi mtakatifu kwa kulala pabaya, wala hatendi dhambi kwa kulala pazuri.

Hoja yangu ya kiroho

Siku tatu baadaye nikaja na hoja ambayo niliiona bora kuliko ya kaka. Mimi ni mzee wa usharika, na wakati huo tulikuwa tunachangia paa la kanisa. Nikaandika kwamba vyumba vyote viwili viwe vya ndani, na zile Sh2 milioni tuzitoe kwa Bwana. Nikaongeza mstari wa Maandiko na alama ya mikono iliyokunjwa kwa sala. Niliridhika sana na nafsi yangu jioni ile.

Dada akajibu kwa maneno machache: “Kaka, soma Marko 7.”

Nikafungua. Katika aya ya 9 hadi ya 13, Yesu anawakemea Mafarisayo na waandishi kwa sababu walikuwa na njia ya heshima ya kumkwepa mzazi. Mtu alikuwa akisema kwamba kile ambacho baba au mama yake angefaidika nacho kimekuwa Korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu. Basi mzazi hapati kitu, na mtoto anabaki na sifa ya mcha Mungu. Yesu anasema kwamba kwa njia hiyo walilitangua neno la Mungu.

Nikakaa na ile simu mkononi. Paa la kanisa ningelichangia kwa dirisha la mama yangu, na jina ambalo lingesomwa madhabahuni ni langu. Kama nilitaka kutoa, mfukoni mwangu mlikuwa na kitu. Sikuwa nimewaza hata kidogo kutoa kilichokuwa changu.

Jambo jingine likanipiga. Katika siku zote za mjadala ule, hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama.

“Nitajuaje kumekucha?”

Nikampigia simu. Shikamoo, marahaba, habari za magoti, habari za migomba. Kisha nikamwuliza angependa kulala chumba cha namna gani melini.

“Popote, mwanangu,” akasema. “Mimi nimelala Victoria.”

Aliyekulia Bukoba ataelewa. Mv Victoria ndiyo iliyokuwa ikitupeleka Mwanza, safari ya usiku kucha. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba, lakini sisi tulikuwa watu wa daraja la tatu, pamoja na mikungu ya ndizi, kuku na magunia. Kule chini kulikuwa na joto, harufu ya mafuta na kilio cha watoto. Mama alikuwa akitupandisha juu, karibu na ukingo, anatufunika khanga moja, anatuachia upepo wa ziwa. Kisha yeye anarudi chini kulinda mizigo hadi asubuhi. Nilikuwa nikisimulia safari zile kama utoto mtamu: nyota, upepo, taa za Mwanza alfajiri. Sikuwahi kujiuliza yeye kule chini aliona nini.

Tukakaribia kuagana. Ndipo akasema, “Ila nikuulize. Hicho chumba kina dirisha?”

Nikamwambia hakina.

Akakaa kimya kidogo. “Sasa nitajuaje kumekucha?”

Mama huamka kabla ya jogoo. Hufungua mlango wa jikoni unaotazama ziwa, huketi kwenye kigoda, husali mpaka mwanga utokeze. Amefanya hivyo tangu tukiwa wadogo, na ninaamini mengi ambayo sisi tunayaita bidii yetu yaliombewa mlangoni pale. Waswahili husema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Na hapa waliokuwa wakielea walikuwa wanapanga kumfungia gizani aliyewaunda.

Usiku ule nikampigia kaka, nikamweleza. Alijitetea kidogo kwamba yeye ndiye mlipaji mkubwa. Halafu akanyamaza, akasema, “Badilisha majina.” Mama na dada wakahamia chumba chenye roshani, sisi cha ndani. Hatukuongeza hata senti moja. Siku zote tulikuwa tukibishana kama roshani ina thamani ya Sh2 milioni, kumbe swali lililotakiwa kuulizwa mapema zaidi ni roshani hiyo itakuwa ya nani.

Patmo

Tulisafiri Mei mwaka jana. Nisikudanganye kwamba roshani ilikuwa mbinguni. Usiku meli ikienda kasi, upepo ulimlazimisha Mama kufunga mlango. Bandarini mara nyingine alitazama ukuta wa gati na malori. Na sisi wawili hatukufa kwa kukosa dirisha, ingawa asubuhi ya kwanza tuliamka tukidhani bado usiku, kumbe ni saa nne na kifungua kinywa kimeshaondolewa mezani.

Siku ya Patmo ndiyo iliyotufundisha. Meli yetu ilitia nanga nje, na abiria wakashushwa kwa boti ndogo hadi bandari ya Skala. Mama alitazama ile boti inavyopanda na kushuka, akatazama magoti yake, akasema, “Nendeni. Mtanisimulia.” Tukaenda. Tukapanda hadi kwenye pango ambalo mapokeo yanasema ndipo Yohana alipopewa Ufunuo, tukashuka ngazi zake, tukasimama kimya pamoja na mahujaji wengine, tukarudi.

Tulimkuta Mama kwenye roshani, khanga mabegani, miwani puani, Biblia imefunguliwa kwenye Ufunuo. Meli iliyotia nanga haitulii upande mmoja, huzunguka polepole kufuata upepo. Kwa hiyo kisiwa kilikuwa kimepita mbele yake, kikaondoka, kikarudi, pamoja na nyumba zake nyeupe na monasteri kubwa juu ya kilima.

“Nyie mmekwenda Patmo,” akatuambia. “Mimi Patmo imenijia.”

Viti vilikuwa viwili. Kaka, mhasibu wetu, aliketi kizingitini, akaegemeza kichwa kwenye goti la Mama lile ambalo haliumi sana, akakaa hapo hadi nanga ikang'olewa. Fikiria angekuwa kwenye chumba chetu. Angefika Patmo na asiione Patmo.

Nikakumbuka kwamba Yohana wa Patmo, kwa mapokeo ya Kanisa, ndiye yule mwanafunzi aliyesimama chini ya msalaba. Yesu, akiwa katika maumivu yale, alimtazama mama yake akamkabidhi kwake, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake (Yohana 19:26-27). Wokovu wa ulimwengu ulikuwa ukikamilishwa pale, na bado Bwana alipata nafasi ya kushughulikia Mama atalala wapi.

Kwa msomaji wangu

Pengine hutapanda meli ya namna ile maisha yako yote. Lakini dirisha unalo la kugawa. Nani anakaa dirishani kwenye basi la kwenda kijijini? Bibi akija mjini kutibiwa, analala sebuleni huku chumba cha wageni kikiwasubiri wageni wa maana? Nani anapata chandarua kizima?

Unapotaka kulipia cha ziada, jiulize mambo matatu. Nani atakitumia kwa saa nyingi zaidi? Je, yeye ameulizwa, na ukamsikiliza mpaka mwisho, baada ya lile neno lake la “popote, mwanangu”? Na kile unachosema utamtolea Mungu badala yake, ni chako au ni cha mwingine? Ukishajibu, kama fedha ipo, lipa bila kujilaumu. Kama haipo, lala chumba cha ndani kwa amani, maana Mungu aliyemwona Yona kule chini atakuona na wewe.

Paa la kanisa lilikamilika. Kila mmoja wetu alilichangia kwa wakati wake, kutoka mfukoni mwake.

Tuombe: Ee Bwana, tufungue macho tuwaone waliokesha chini wakilinda mizigo yetu ili sisi tupate upepo. Kama bado wako nasi, utupe moyo wa kuwapisha dirishani. Kama umeshawaita, utusaidie kuwapisha wengine kwa ajili yao. Amina.