Kabla ya Kumpa Fundi Kazi ya Paa

Mkulima, paa likivuja, mahindi yaliyo ghalani huoza na jasho la msimu mzima hupotea. Kwa hiyo mchague fundi kwa kazi yake, si kwa maneno yake.

Kwanza, akuonyeshe nyumba alizoezeka ambazo zimekwisha pigwa na mvua za masika. Waulize wenyewe kama zinavuja, na kama fundi alimaliza kazi kwa bei waliyopatana. Kisha tazama juu. Misumari yapasa kupigwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita, na kila mmoja uwe na raba yake. Bati la juu lililalie la chini kwa sentimita 15 au zaidi.

Pili, nunua mabati wewe mwenyewe. Kumbuka kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30.

Tatu, andikeni mapatano mbele ya shahidi: kazi, bei na siku ya kumaliza. Usilipe fedha zote kabla ya kazi. Lipa sehemu mbao zikisimama, sehemu mabati yakipigwa, na ubakize kiasi mpaka mvua inyeshe.

Fundi mwaminifu hachukii kuulizwa.