Chuma cha kushika mkononi hakipimi kichwa cha mtoto

Mama mmoja wa Tunduma ametuandikia. Mwanawe wa miaka saba anaumwa kichwa kila asubuhi, anatapika, na siku hizi jicho moja linaangalia pembeni. Alimpeleka kwa mtoa tiba mbadala. Mtoto akashikishwa chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja zikatoka kurasa nyingi: ini lina sumu, kalsiamu imepungua. Akauziwa virutubisho. Anauliza, je, mashine hiyo ya "kwantamu" inaaminika?

Hapana, mama. Chuma hicho, kikifanya kazi sana, kitapima jinsi umeme unavyopita kwenye ngozi yenye jasho. Ini hakilioni, ubongo ndiyo kabisa.

Kinachoudhi ni kwamba kipimo cha kweli cha kwantamu kipo, nacho ni MRI. Mwili umejaa maji, na kwenye maji kuna protoni za haidrojeni, kila moja kama kisumaku kidogo. Zikiwekwa ndani ya sumaku kubwa, zinazofuata upande wake huzidi zile za upande wa pili kwa chache tu, kama 5 katika kila milioni. Mawimbi ya redio huzifanya zizunguke kwa pamoja, mithili ya kwaya inayoanza wimbo kwa sauti moja. Zikienda pamoja, ishara zao hujumlishana. Zikianza kupishana, hufutana. Kwenye uvimbe, kupishana huko huchukua muda tofauti na kwenye ubongo mzima, na tofauti hiyo ndiyo hutengeneza picha. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi hii. Mashine yake haibebwi kwenye mkoba! Mgonjwa hulala ndani yake nusu saa hivi au zaidi, kelele ni kubwa, lakini haitumii mionzi ya eksirei.

Usianze kwa kutafuta MRI, wala usisubiri virutubisho viishe. Dalili ulizotaja zinaweza kuwa za shinikizo ndani ya kichwa. Mpeleke hospitali leo. Daktari atamchunguza macho na mishipa ya fahamu, na akiona haja atawapa rufaa, pengine hadi Mbeya. Huenda akaanza na CT scan kwa kuwa ni ya haraka. Mkifika kwenye MRI, mwambieni mhudumu kama mtoto ana chuma chochote mwilini.

Zile kurasa ziache nyumbani. Beba kadi yake ya kliniki, na uandike tarehe kichwa kilipoanza kuuma na lini jicho lilianza kwenda pembeni.