Nafsi Nyingi, Macho Mamoja

Mtu mwenye tatizo la nafsi nyingi huwa na nafsi mbili au zaidi zinazopokezana kuutawala mwili wake. Mara nyingi nafsi moja hudai haikumbuki yaliyotokea nyingine iliposhika usukani. Madaktari wengi wa akili huihusisha hali hii na mateso makali ya utotoni.

Tofauti za nafsi hizo haziishii kwenye tabia. Zinaweza kuugusa hata uwezo wa kuona, na kisa kimoja kilichochunguzwa kwa undani kinatoka Ujerumani. Mwanamke mmoja alipata ajali akiwa na miaka 20, akaambiwa amepofuka kwa sababu ubongo wake umedhurika. Macho yenyewe yalikuwa mazima. Aliishi kama kipofu kwa zaidi ya miaka 10, akiongozwa na mbwa. Kisha, katika matibabu ya kisaikolojia kwa Bruno Waldvogel mjini Munich, mojawapo ya nafsi zake, mvulana wa umri wa kubalehe, ikaanza kutambua maneno machache kwenye jalada la gazeti. Polepole nafsi nyingine nazo zikaona, ingawa si zote.

Waldvogel na mwenzake Hans Strasburger hawakutegemea maneno ya mgonjwa. Walipima umeme wa ubongo wake huku akitazama miraba myeusi na myeupe, kama ya ubao wa drafti, inayobadilishana rangi. Nafsi inayoona ilipokuwapo, ubongo uliitikia kama wa mtu yeyote anayeona. Ilipoingia nafsi kipofu, mwitikio ulitoweka, na badiliko hilo liliweza kutokea kwa sekunde chache tu. Ni kweli kwamba mtu anaweza kuudhoofisha mwitikio huo kwa kulegeza macho makusudi. Hata hivyo, watafiti hao waliona maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba ubongo huizuia taarifa ya macho mapema, kabla haijafika kwenye fahamu.

Moyo nao hubadilika. Nchini Uholanzi, mtafiti Simone Reinders na wenzake waliwasikilizisha wagonjwa 11 masimulizi ya mateso yao. Katika nafsi iliyoyatambua mateso kuwa yake, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilipanda. Katika nafsi iliyoyakana, mwili ulitulia zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, timu hiyo iliwaomba watu wasio wagonjwa waigize hali hizo mbili, na miili yao haikuitikia kama ya wagonjwa.

Kuta kati ya nafsi, hata hivyo, zina matundu. Vipimo vya kumbukumbu vimeonyesha kwamba yale iliyojifunza nafsi moja yanaweza kuathiri majibu ya nyingine, hata inaposema kwa moyo mweupe kwamba haijui lolote.