Hamburg kwa Miguu

Mtu wa pwani akijaliwa kufika Hamburg naye ana siku moja tu ya kukaa, asijisumbue kutafuta dalili wa kumwongoza wala gari la kumtembeza, kwani mji huo, ijapokuwa ni wa pili kwa ukubwa katika nchi nzima ya Ujerumani, sehemu yake ya kale yaweza kuzungukwa kwa miguu tangu asubuhi mpaka alasiri, na kabla mnara mmoja haujatoweka machoni mwingine umekwisha tokeza mbele. Atakachohitaji ni viatu vya kustahimili mawe na koti la mvua, maana mvua ya huko haina masika wala vuli, hunyesha ipendapo.

Aanze kwenye uwanja wa Rathaus, ndilo jumba la baraza ya mji, lililojengwa baina ya mwaka 1886 na 1897, lenye mnara wa mita 112 na vyumba vinavyopita 600, nalo limekaa juu ya magogo maelfu yaliyokitwa katika tope kwa sababu ardhi yote hapo ni ya majimaji. Jumba lililotangulia liliripuliwa kwa baruti mwezi wa Mei 1842, si na adui bali kwa amri ya wenyeji wenyewe, wakitaraji kuuzuia moto mkubwa uliokuwa ukiula mji. Walakin moto haukusita, ukapita. Nyuma ya Rathaus lipo soko la matajiri, liitwalo Börse, ambalo moto ule uliliacha, na hapo mtu wa Unguja asimame kidogo. Matajiri wa Hamburg walikuwa na biashara Unguja tangu zama za Sayyid Said, wakinunua kauri shehena kwa shehena na kuzipeleka Afrika ya Magharibi, ambako zilikuwa ndizo fedha za watu, na faida waliyoipata haikuwa haba. Kisha mwaka 1859, katika utawala wa Sayyid Majid, miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilifunga na Unguja mkataba wa biashara, wakati ambapo dola ya Ujerumani ilikuwa bado haijazaliwa.

Mwendo mfupi kutoka hapo, katika mtaa wa Große Reichenstraße, lipo Afrikahaus, jumba la mwaka 1899 la kampuni ya C. Woermann, ambayo mkuu wake alikuwa miongoni mwa walioanzisha mwaka 1890 kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyouunganisha mji huu na Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Mlangoni imesimama sanamu ya mpiganaji wa Kiafrika, na ndani uani wapo tembo wawili wa chuma. Tembo nimewapenda. Ama yule mtu wa mlangoni, nilimtazama kwa muda nisijue alinde nini pale, maana mali iliyoingia kwa mlango ule haikuwa yake.

Mbele zaidi asikose kulitazama jumba la Chilehaus, lililokamilika mwaka 1924 kwa matofali ya rangi ya zambarau iliyoiva, lenye pembe moja iliyochongoka kama omo ya marikebu. Mwenyewe alitajirika kwa shura ya nchi ya Chile, na jina halikumfichia. Kisha avuke daraja aingie Speicherstadt, mji wa mabohari, na hapa namsihi asiende mbio. Hamburg ilipokubali kuingia katika forodha moja na Ujerumani, mwaka 1888, ilibakishiwa eneo la bandari ambalo bidhaa zingewekwa bila ya ushuru, na kwa ajili hiyo watu wapatao 20,000 wakahamishwa majumbani mwao, mitaa yao ikabomolewa, yakasimamishwa mabohari haya ya matofali mekundu, safu kwa safu, kila moja lina uso mmoja barabarani na mwingine majini, na juu kabisa, chini ya paa, ipo kapi ya kupandishia magunia ya kahawa, kakao, chai na viungo. Aliyekulia Malindi ya Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa hatakuwa mgeni hapa. Maana ingawa bahari iko mbali kiasi cha kilomita 100, maji ya mifereji hujaa na kupwa kwa saa zake, na yakipwa huacha tope na harufu ile ile tuijuayo. Mwisho wa mabohari limepandishwa jumba la muziki la vioo, lililofunguliwa mwaka 2017 juu ya bohari la zamani. Wengi hulisifu, nami sikatai, ila bohari la chini yake ndilo lililonishika.

Akirudi ng'ambo apite mtaa wa Deichstraße, ulikoanzia ule moto wa 1842, ndipo afike kwenye kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambalo limebaki mnara na kuta tupu. Mnara huo wa mita 147, uliochorwa na Mwingereza George Gilbert Scott, ulipokamilika mwaka 1874 ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani kwa miaka miwili, na urefu huo ndio uliowafaa marubani wa Uingereza mwezi wa Julai 1943, waliofanya mnara kuwa alama ya kulengea mji, wakaua kwa mabomu na moto watu zaidi ya 30,000 katika siku chache. Wenyeji hawakulijenga upya.

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli lipo magharibi, nalo siku za kazi, saa nne asubuhi na saa tatu usiku, mtu hupiga tarumbeta mnarani akielekea pande zote nne. Chini yake ni gati za Landungsbrücken, na hapo pana njia iliyochimbwa chini ya mto Elbe, ikafunguliwa mwaka 1911, ili wafanyakazi wavuke kwenda viwanda vya meli. Mwenda kwa miguu halipi kitu.

Kwenye gati hizo apande treni, ashuke Ohlsdorf, kwenye makaburi mapana hata mabasi hupita ndani yake. Humo amelala Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaolewa Aden na Heinrich Ruete, mfanya biashara wa mji huu, akafika naye mwaka 1867. Miaka mitatu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu. Mwaka 2019 kiwanja kidogo kilipewa jina lake, kisha likaondolewa, kwa yale aliyoyaandika kuutetea utumwa, nami sioni kuwa walimdhulumu. Walakin kaburi lastahiki kuzuriwa: yasimuliwa kwamba alizikwa pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi. Msomaji akienda mwezi wa Disemba atangulie makaburini asubuhi, kwani jua huchwa saa kumi.