UZI: Barabara ni ya nani? Dereva, mwenye miguu na abiria wa matatu

1/ Kampeni zikianza kunukia tu, mjadala wa barabara unarudi. Mwenye gari anasema matatu na boda zimeharibu tao. Anayetembea anasema magari yanamsukuma hadi mtaroni. Abiria anasema anateswa, kila mwaka steji inahamishwa. Kila mtu ana mtu wa kulaumu. Wacha tuelezane polepole, na mifano tuitoe hapa Meru, tukianzia Kinoru.

2/ Chukua watu watatu wa Kinoru wanaoenda soko la Gakoromone asubuhi. Mmoja ana Probox. Wa pili anapanda matatu au boda. Wa tatu anatembea, labda na mtoto wa shule mkononi. Wote wanatumia barabara ileile, saa ileile. Shida ni kwamba lami iligawanywa kabla hawajafika, na aliyeigawanya hayuko hapo wakitukanana.

3/ Kwanza tujue nani anaumia zaidi. Takwimu za NTSA za miaka ya karibuni zinaonyesha zaidi ya watu 4,000 wanakufa barabarani Kenya kila mwaka. Kundi kubwa zaidi ni wanaotembea kwa miguu. Kwa hivyo huu ugomvi si wa kelele na honi tu. Kuna watu wanatoka nyumbani kununua maziwa na hawarudi.

4/ Sheria ya Trafiki inasema mwendo wa mwisho ndani ya mji ni kilomita 50 kwa saa. Si namba ya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akigongwa na gari la kilomita 50 kwa saa, uwezekano wa kufa ni chini ya asilimia 20. Likiwa kwa 80, unakaribia asilimia 60. Sasa fikiria zile pikapu za miraa kutoka Maua zikikimbizana na saa. Kwa dereva, hizo kilomita 30 za ziada ni dakika chache. Kwa anayevuka ni maisha.

5/ Hoja ya kwanza utakayosikia: "Mimi nalipa kodi ya barabara, anayetembea halipi." Si kweli. Kodi ya matengenezo ya barabara inakatwa kwenye mafuta, na tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita. Abiria anailipa ndani ya nauli. Anayenunua nyanya Gakoromone anailipa pia, kwa sababu nyanya hazikuja zikitembea. Wote tunalipa.

6/ Hoja ya pili: "Matatu ndizo zinaleta msongamano." Tupige hesabu ya kawaida. Matatu ya watu 14 ina urefu wa kama mita 5. Wale 14 kila mmoja akija na gari lake la mita 4 na nusu, yakipangwa bampa kwa bampa ni mita 63, na bado hujaweka nafasi ya kupumua. Halafu yote 14 yanatafuta pakingi, yakae hapo hadi jioni.

7/ Lakini mwenye gari naye ana haki ya kulalamika. Matatu inasimama katikati ya barabara, inakata kona bila ishara, inapanda njia ya miguu. Kwa nini? Madereva na makanga wengi hawana mshahara wa mwezi. Wana hesabu ya kupelekea mwenye gari kila jioni, na kinachobaki ndicho chao. Ukimlipa mtu kwa kukimbizana, atakimbizana. Faini za kila siku amezihesabu kama mafuta.

8/ Na abiria, usijifiche nyuma ya kiti. "Dere, nishushe hapo kwa mti." Si wewe? Tunataka matatu isimame mlangoni kwetu, halafu tukinunua gari tunashangaa kwa nini matatu zinasimama kila mahali.

9/ Boda je? Mwaka wa 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na baada ya hapo zikajaa kila kona. Zilileta kazi kwa vijana, na usiku wa manane ndizo zinazompeleka mama mjamzito hospitali. Lakini mahali pengi hazikutengewa steji. Kwa hivyo zinapanga mstari penye wateja: makutano ya barabara, milango ya soko, juu ya njia ya miguu. Ukizifukuza bila kuonyesha pa kwenda, zitarudi kesho.

10/ Mchuuzi ni hivyohivyo. Anapanga ndizi kwenye njia ya miguu kwa sababu ndiko miguu inapita. Mtembeaji anashuka kwenye lami, gari linampigia honi, matusi yanaanza. Lakini angalia vipimo: gari moja lililopakiwa linachukua kama mita 12 za mraba siku nzima. Mama mboga anahitaji mbili. Tukisema "nafasi hakuna", tuulize kwanza nani ameishikilia.

11/ Sheria inasemaje? Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka bei. Kuendesha gari juu ya njia ya miguu: 5,000. Abiria kupanda au kushuka mahali pasipo steji: 1,000. Anayetembea akizuia magari makusudi: 500. Kila mtu ana faini yake. Ila hakuna faini kwa ofisi iliyojenga barabara ikasahau njia ya miguu. Shika hiyo, tutairudia.

12/ Sasa tufike kwa swali ambalo wagombea hulikwepa: hii barabara ni ya ofisi gani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawanya kazi. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya taifa. Kaunti ina barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na pakingi, na usafiri wa umma. Ile inayoingia Meru kutoka Embu, Chuka na Nkubu ni barabara kuu. Kichochoro cha mtaani ni cha kaunti.

13/ Ndio maana mtu akiomba kivuko, anazungushwa. Kaunti inasema "hiyo ni ya KeNHA." Taifa linasema "steji na taa ni za kaunti." Ni kweli kazi zimegawanywa. Lakini Katiba hiyohiyo, kifungu cha 189, inazitaka serikali hizi mbili zishirikiane. "Si yangu" ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni: umemwandikia lini mwenye nayo?

14/ Amri za ghafla je? Tuangalie Nairobi. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Watu walishushwa mbali, wakatembea, wazee na wagonjwa wakiwemo. Amri haikumaliza siku mbili. Nia ya kupunguza msongamano haikuwa mbaya. Ila abiria alihamishwa kabla ya kutengenezewa njia ya kufika alikokuwa anaenda.

15/ Na sera nzuri kwenye karatasi? Nairobi iliandika sera ya wanaotembea na waendesha baiskeli mwaka wa 2015, ikasema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwao. Wanaotembea Nairobi ni wengi kuliko wenye magari, kwa hivyo haikuwa zawadi. Lakini tembea jijini leo uone kama unaihisi hiyo 20 chini ya kiatu. Sera bila mstari kwenye bajeti ni maombi tu.

16/ Je, utaratibu unawezekana? Ndiyo. Februari 2004 matatu zote za nchi zilitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo, mikanda na idadi kamili ya abiria. Wengi walisema haiwezekani. Zikakaa sawa. Baadaye usimamizi ulilegea, na tabia zikarudi. Kwa hivyo usiniambie Wakenya ni wakaidi kwa kuzaliwa. Sheria ikisimamiwa sawa kwa wote, tunafuata.

17/ Turudi Kinoru. Uwanja wetu ulikarabatiwa kwa ajili ya CHAN 2018, mashindano ambayo baadaye yalipelekwa Morocco. Siku ya mechi au sherehe kubwa, maelfu wanatoka kwa wakati mmoja, wengi kwa miguu. Ukumbi ukipangwa, watu huhesabu viti na pakingi. Njia ya mtu kurudi nyumbani salama inahesabiwa na nani?

18/ Kwa hivyo mgombea akija na "nitaondoa msongamano", muulize haya:
- Barabara unayosema ni ya kaunti au ya taifa?
- Njia ya miguu itakuwa na upana gani, na iko ukurasa gani wa bajeti?
- Ukihamisha steji, abiria atatembea umbali gani, na wapi?
- Boda na wachuuzi watakaa wapi kabla ya kufukuzwa?
- Vivuko vya shule na soko vitachorwa lini, na nani atavipaka rangi tena vikifutika?

19/ Na usingoje uchaguzi. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti hufika bungeni kufikia Septemba 1. Karatasi ya mkakati wa fedha ni Februari 28. Makadirio ya bajeti ni Aprili 30. Umma lazima usikilizwe. Kikao kikitangazwa, enda na ombi moja lenye mahali na kipimo: "Kutoka hapa hadi pale, njia ya miguu, mita mbili." Ombi la hivyo ni gumu kulikwepa.

20/ Wale watatu wa Kinoru si maadui. Mwenye Probox akipaki, anakuwa mwenye miguu. Abiria akishuka, vilevile. Hakuna anayefika sokoni bila kutembea mwisho wa safari. Tukiendelea kutukanana kwenye kona, aliyegawanya lami ataendelea kulala vizuri.

Sema hapa chini: kwenu, ni sehemu gani moja inayohitaji kivuko leo? Taja mahali. Tuzikusanye kabla ya kikao kijacho.