Miungu ya Wayunani Katika Mlango wa Kanisa

Mlango wa kati wa Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma ni kazi ya shaba ya Filarete, fundi kutoka Florence, aliyoifanya kwa agizo la Papa Eugenio IV na kuikamilisha mwaka 1445. Kanisa la kale lilipobomolewa, mlango huo ulihifadhiwa, na mwaka 1619 ukawekwa katika jengo jipya.

Mabamba makubwa yaonyesha Kristo, Mariamu, Petro na Paulo, na chini yao mauaji ya mitume hao wawili. Lakini pambizoni, katikati ya majani yajipindayo, twakutana na jamii nyingine kabisa: Leda pamoja na batamaji, ambaye ni Zeu aliyejigeuza, Ganymede akinyakuliwa na tai, mbwa-mwitu akiwanyonyesha Romulus na Remus, na wanyama wa ngano za Aesop. Zeu huyo ndiye ambaye watu wa Listra walidhani ni Barnaba, hata mitume wakararua mavazi yao (Mdo. 14). Na Paulo yu papo hapo, amesimama bamba la kati!

Wako wanaojibu kwamba walimu wa Zama za Kati walizoea kuvifasiri visa vya mshairi Ovid kwa mafumbo, hata Ganymede akafananishwa na roho inayochukuliwa juu kwa Mungu. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Kwa Leda, fumbo la namna hiyo twaliona limelazimishwa. Filarete aliyapenda mapambo ya Warumi wa kale, akayaiga pamoja na miungu yao.

Je, ni ibada ya sanamu? Hatudhani, kwa maana hakuna aliyeinama mbele ya pambizo. Luther naye, akihubiri Wittenberg mwaka 1522, alikataa sanamu zivunjwe kwa ghasia. Kosa aliliona katika kuziabudu. Hata hivyo pambo nalo husomwa, na kisa cha Leda ni kisa cha hila na uzinzi. Mchungaji atakayeombwa kuruhusu visa vya wahenga vichongwe mimbarini hataweza kulikwepa jambo hili.

Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, Luther alianza kuzifasiri ngano za Aesop kwa Kijerumani. Alizisifu mno, akataka zisomwe nyumbani, mbele ya watoto na watumishi. Lakini zile za aibu zilizochanganywa humo alitaka ziondolewe. Filarete alizisuka zote katika mzabibu mmoja, bila kuchambua.