Kisu umekinoa asubuhi, jioni ni butu? Umekiunguza!

Leo tuongee na mafundi wanaonoa visu, mapanga na mashoka hapa Lagangabilili, wa mashine za umeme na wa baiskeli.

Mtu wa bucha anakuletea kisu asubuhi, jioni anarudi analalamika. Ukiangalia makali, unaona alama ya bluu. Chuma kikifika karibu nyuzi 220 kinageuka njano, karibu nyuzi 300 kinakuwa bluu. Hapo ugumu umeshapungua. Ukichovya kwenye maji baadaye haurudi, labda unoe taratibu mpaka uvuke sehemu yote iliyoungua.

"Mbona mimi namwagia maji?" Sawa, ila yanafika? Jiwe la sentimita 15 likizunguka mara 2,900 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 80 kwa saa, kama basi la Mwanza. Linavuta upepo unaorusha maji pembeni. Ndiyo maana viwandani wanayasukuma kwa pampu, yalenge pale pale jiwe linapogusa chuma. Maji mengi sehemu isiyo sahihi ni kazi bure.

Fanya hivi:

1. Mashine ya umeme ya kawaida usiimwagie maji. Kuna shoti, na jiwe lililolowa upande mmoja huyumba, linaweza kupasuka. Weka ndoo jirani. Gusa sekunde 2 au 3, chovya, rudia. Vidole vikihisi joto, chovya. Usisubiri rangi.

2. Jiwe la pedali la kunolea kwa maji: funga chupa yenye mpira mwembamba. Matone yadondoke karibu na kisu, upande ambao jiwe linatokea, ili lenyewe liyapeleke kwenye makali. Ukimaliza, usiliache limelala kwenye maji.

3. Usikandamize. Jiwe lililoziba uchafu halikati, linasugua tu na kuleta moto. Lisafishe.

4. Futa kisu, paka mafuta kidogo. Kutu ikianza, lawama ni zako.

Na miwani ya kazi vaa kila siku, jicho halina spea.

Ndoo ya maji haikugharimu kitu. Mteja akihamia kwa jirani, huyo ndiye hasara. Mtumie na fundi mwenzako.